Shakwe wa mlango wa Sabaki: shajara ya mradi, msimu wa kaskazi

Oktoba, mwanzo. Kazi iliyo mbele

Mradi ni kuhesabu shakwe wote wanaopumzika kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo mwa Malindi, tangu Oktoba hadi mapema Aprili. Kuwagawa kwa spishi na kwa umri. Na kuhakikisha kwamba akitua mgeni adimu, ushahidi wake unabaki hata akiruka na kutorudi. Kule baadhi yao wanakotoka, kwenye tundra ya Urusi na nyika za Asia ya kati, miezi hii ni ya baridi kali na maji yaliyoganda. Kwetu ni kaskazi: joto, upepo wa kaskazini-mashariki, na fungu la mchanga lililojaa ndege.

Sabaki ndilo jina la mwisho la mto unaoanza kama Athi na kuitwa Galana unapopita Tsavo. Unashusha tope jingi kutoka bara, na tope hilo limejenga mafungu, matuta ya mchanga na vichaka vya mikoko pale unapokutana na bahari. Shakwe anayekula baharini anatafuta vitu viwili akitua: maji yasiyo na chumvi ya kunywa na kuogea, na mahali peupe ambapo adui huonekana kwa mbali. Vyote viwili viko hapa, ndiyo maana hata wale wanaoshinda bandari ya Malindi wakigombea matumbo ya samaki hurudi Sabaki alasiri.

Msimamo tuliokubaliana kabla ya kwenda ufukweni hata mara moja: shakwe adimu hasakwi, hutokea ndani ya hesabu. Anayekwenda kumsaka shakwe macho-meupe, mgeni adimu, atamwona katika kila shakwe masizi, yule wa kawaida hapa, mwenye mdomo mwembamba. Anayewapanga masizi mmoja mmoja kwa umri atamkuta ndege asiyepangika, na hapo ndipo kazi ya utambuzi inapoanza.

Oktoba, katikati. Vifaa

Teleskopu mbili, moja ya kioo cha mbele cha mm 80 na nyingine ya mm 85, ukuzaji wa mara 20 hadi 60. Kazi ya kawaida inafanywa kwa mara 30. Ukipita 40 kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri unachokuza ni mvuke wa joto unaopanda mchangani. Mdomo unaonekana kupinda na mstari wa kichwa unacheza. Stendi ya miguu mitatu inafunguliwa nusu tu na mwangalizi anakaa chini, huku mfuko wenye mchanga wa kama kilo 3 ukining'inia katikati ya stendi. Kaskazi ikikaza, stendi iliyofunguliwa yote hutetemeka na kuhesabu kundi kubwa hakuwezekani.

Vingine: darubini za 8x42, kihesabio cha kubofya cha mkononi, kamera yenye lenzi ya mm 400 au zaidi, daftari la karatasi nene, na penseli. Wino huyeyuka kwa jasho na rasharasha za bahari. Saa ya kamera inalinganishwa na saa ya simu kila siku ya kazi, kwa sababu picha isiyo na saa sahihi haiwezi kuunganishwa na hali ya maji iliyoandikwa daftarini.

Mchanga ndio unaoua vifaa. Ukitaka kusafisha kioo, kwanza puliza kwa pampu ndogo ya mpira, halafu pitisha brashi laini, na mwisho kabisa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya bomba. Anayeanza na kitambaa anasugua punje za mchanga juu ya utando wa kioo na mikwaruzo haitoki tena. Viungo vya stendi vinafunguliwa, vinaoshwa kwa maji ya bomba na kuachwa vikauke kivulini. Visitiwe mafuta: mafuta hushika mchanga na kufanya kazi ya msasa ndani ya kiungo.

Oktoba, mwisho. Vituo na jedwali la maji

Vituo ni vitatu. Kituo A kiko juu ya matuta ya ukingo wa kusini, panapoonyesha fungu kuu lote kwa mara moja. Kituo B kiko chini, kwenye ulimi wa mchanga karibu na pale mto unapoingia baharini. Kituo C kiko ng'ambo, upande wa Mambrui, na kufika huko ni kwa daraja la barabara ya Lamu. Mto hauvukwi kwa miguu: una viboko na mamba, na tope la kando ya mkondo humeza mguu hadi gotini na kuendelea.

Jedwali la maji ni la Kilindini, bandari ya Mombasa, na linatosha kwa Malindi. Kinachohitaji kueleweka ni jinsi bamvua, yaani maji makuu yanayojaa na kupwa sana, inavyokutana na mwanga. Katika pwani hii, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, hujaa karibu na saa nne au tano, asubuhi na usiku. Ufuo unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi unaangalia jua na kila shakwe ni kivuli; asubuhi inafaa idadi ya jumla tu. Alasiri jua liko nyuma yetu. Ukiunganisha mambo hayo mawili, alasiri ya bamvua ndiyo yenye mavuno: mwanzoni mafungu bado ni mapana, kisha yanapungua, na shakwe waliokuwa wametawanyika wanasogezwa na maji hadi wanasimama wamebanana mbele ya kituo A.

Bamvua hiyo hiyo ndiyo yenye hatari. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta kama sehemu 1 kati ya 12 ya kimo chote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, halafu 2, halafu 1. Tofauti kati ya kupwa na kujaa siku za bamvua hufikia mita 3 na kupita, hivyo katika saa ya tatu peke yake maji hupanda karibu sentimita 75. Tena mkondo ulio nyuma ya ulimi wa mchanga hujaa kabla ya ulimi wenyewe kuguswa, na aliyeinama kwenye teleskopu hatauona. Kanuni ya mradi: siku za bamvua kituo B hakitumiki maji yakiwa yanajaa, hesabu yote ya alasiri inafanywa A. B ni ya alasiri za maji mafu, maji yanapokuwa yanatoka.

Upepo nao una neno lake. Shakwe akisimama huukabili upepo, na kaskazi ikivuma wote wanaelekea kaskazini-mashariki. Kutoka A, kusini-magharibi yao, tunawaona kwa nyuma: rangi ya mgongo na ncha za mabawa. Kutoka C tunawaona ubavu: kichwa, mdomo, jicho. Ndege yeyote wa kutiliwa shaka anapaswa kuonwa kutoka pande zote mbili, na kwa sababu hiyo siku za bamvua kunakuwa na watu A na C kwa wakati mmoja, wenye simu.

Novemba, wiki mbili za kwanza. Masizi kwanza

Wengi wa shakwe wa Sabaki ni shakwe masizi, Ichthyaetus hemprichii, anayezaa kuanzia Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden hadi Oman na Pakistan, na wachache kwenye visiwa vidogo vya kaskazini ya pwani yetu upande wa Kiunga. Aliyekomaa ana mgongo wa kijivu chenye udongo ndani yake, kofia ya kahawia iliyokolea inayoteremka hadi kifuani, ukosi mweupe shingoni kwa nyuma, na mwezi mdogo mweupe juu ya jicho. Mdomo ni mnene, wa manjano ya kijani, una pete nyeusi na ncha nyekundu. Ndege mchanga wa mwaka huu ni kahawia wa magamba, na mdomo wake una rangi mbili: kijivu hafifu kuanzia shinani, nyeusi nchani.

Tunahesabu hivi. Mmoja anaanza mwisho wa kushoto wa kundi na kwenda kulia bila kurudi nyuma. Anahesabu ndege kumi wa kweli, anatazama kumi hao wanachukua upana gani ndani ya kioo, anatumia upana huo kupiga hesabu ya hamsini, kisha ya mia. Sehemu ambayo ndege wamebanana inahesabiwa upya mmoja mmoja, kwa kuwa jicho hupunguza idadi ya ndege waliosongamana na kuongeza ya waliotawanyika. Mwenzake anafanya vivyo hivyo kwa teleskopu ya pili. Kila mmoja anaandika namba yake kabla ya kufungua mdomo. Ukiisikia namba ya mwenzako yako inaifuata. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, wote wanarudia.

Umri hauhesabiwi kwa kundi zima. Tunachagua mahali pa kuanzia, tunachukua shakwe mia wanaofuatana bila kumruka yeyote, na kuwapanga katika makundi matatu: wa msimu wa kwanza, wa katikati, waliokomaa. Halafu mia nyingine kutoka upande wa pili wa kundi, kwa sababu wachanga hupenda kusimama pembezoni na sampuli ya upande mmoja hupotosha.

Kinachoharibu kazi wiki hizi ni mwanga wa jioni. Kuanzia saa kumi na moja na nusu kila mdomo unaelekea wekundu na kila mgongo unaelekea kahawia. Maelezo ya rangi yaliyochukuliwa baada ya hapo yanawekewa alama ya nyota daftarini.

Novemba, mwisho. Wakubwa wenye mgongo uliokolea

Hawa ndio sehemu ngumu zaidi ya mradi, na pia ndiyo tunayoipenda zaidi. Anayetawala ni shakwe wa Heuglin, Larus fuscus heuglini, kutoka tundra ya kaskazini mwa Urusi. Pamoja naye anaweza kuwepo shakwe wa Baltiki, L. f. fuscus, ambaye anajulikana zaidi bara, kwenye Ziwa Viktoria na maziwa ya Bonde la Ufa. Nyuma yao wako wale ambao kila mtafuta adimu anawafikiria: shakwe wa nyika, barabensis, na shakwe wa Kaspi, Larus cachinnans.

Umri kwanza. Shakwe wakubwa huchukua takribani miaka minne kukomaa, na katika kipindi hicho ndege wawili wa spishi moja hutofautiana kuliko ndege wawili wa spishi mbili. Anayeanza na rangi ya mgongo kabla ya umri amekwisha kupotea. Kwa mradi huu tumeamua kwamba mkubwa asiyekomaa anaandikwa "shakwe mkubwa, mwaka fulani" na kuachwa hapo, isipokuwa kuna picha za bawa lililokunjuliwa.

Kwa waliokomaa, tunaanza na manyoya makuu ya bawa. Yako kumi yanayohesabika, la kwanza likiwa la ndani na la kumi la nje kabisa, nayo hubadilishwa kwa mfuatano huo. Heuglin na Baltiki huchelewa: mwezi huu wengi bado wana manyoya ya nje ya zamani, yaliyopauka na kuchakaa nchani, huku ya ndani ni mapya na meusi, na bawa likikunjuliwa linaonyesha pengo. Shakwe wa Kaspi humaliza mapema zaidi. Kwa hiyo mkubwa mwenye mgongo mwepesi na bawa jipya lote mnamo Novemba anastahili nusu saa nzima na kadi nzima ya picha.

Rangi ya mgongo inafuata. Kwenye kipimo cha kijivu cha Kodak, ambacho wataalamu wa shakwe wanakitumia, Kaspi yuko takribani 4 hadi 6, wa nyika 7 hadi 8.5, Heuglin 8 hadi 11, na Baltiki 13 hadi 17, karibu weusi kamili. Namba hizo ni za ndege aliyeshikwa mkononi, chini ya mwanga sawa. Ufukweni, shakwe yule yule akigeuka kidogo kutoka kwenye jua hubadilika kwa daraja mbili au tatu. Tunachofanya ni kulinganisha: ndege wanaosimama sambamba, wanaoelekea upande mmoja, kwenye picha moja. Heuglin anaonyesha tofauti ya wazi kati ya mgongo wa kijivu cha jiwe na ncha nyeusi za mabawa. Kwa Baltiki tofauti hiyo karibu haipo, na umbo lake ni jembamba, mabawa yakipita mkia kwa mbali. Picha mbili za siku mbili tofauti haziwekwi ubavu kwa ubavu kuamua rangi.

Desemba

Mvua za vuli bara zimeongeza maji ya mto, na fungu kuu limekatwa na mkondo mpya. Kituo B kimehamishwa kusini. Hesabu za kabla na baada ya mkondo kuhama zinawekwa kwenye jedwali moja lakini kwa alama tofauti, kwani eneo linaloonekana si lile lile.

Maji mekundu ya tope yanasukuma shakwe wanaovua mbali zaidi na mlango, nao wanarudi wamechelewa. Hesabu ya mwisho imesogezwa kutoka saa kumi na moja hadi kumi na moja na nusu.

Wavuvi wanapita fungu kila siku, na mara nyingi shakwe wote wanaruka. Hatuwazuii wala hatulalamiki; fungu ni njia yao tangu zamani. Tunachofanya ni kuwa tayari: kundi likiruka ndipo picha za mabawa hupatikana. Kasi ya kamera sehemu 1 ya 2000 ya sekunde, mwanga upunguzwe kidogo ili weupe wa kifua usiungue, na mpiga picha amfuate ndege mmoja tangu anaruka hadi anatua badala ya kupiga kundi. Sisi wenyewe hatuwarushi. Vichwa vikianza kuinuka kwa pamoja umekaribia mno. Rudi hatua kumi na ukae.

Januari. Mwezi mkubwa

Januari ndio mwezi wa sensa ya ndege wa maji ya Afrika, inayoratibiwa na Wetlands International, na hesabu yetu inaingizwa humo. Kwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, orodha inakusanywa kwa kisanduku cha dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo: angalau saa 2 za kutazama kwa bidii, orodha isizidi siku 5, spishi ziandikwe kwa mpangilio zilivyoonekana. Hizi ni kazi mbili tofauti na zisichanganywe. Sensa inataka idadi. Ramani inataka uwepo. Kila moja ina mtu wake.

Kuhusu shakwe macho-meupe, Ichthyaetus leucophthalmus, ambaye makazi yake ni Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Kila mwaka anatangazwa na mtu fulani katika pwani yetu, na mara nyingi ni masizi. Mboni ya macho-meupe ni nyeusi. Kilicho cheupe ni kope, juu na chini ya jicho, kwa unene unaokaribiana. Masizi ana weupe wa juu, na chini hana au ana mstari hafifu. Mdomo wa macho-meupe ni mrefu, mwembamba, unainama kidogo nchani, wekundu uliokolea na ncha nyeusi, hauna manjano mahali popote. Kofia yake ni nyeusi, na mgongo ni kijivu kisicho na udongo. Mchanga wake ana mdomo mweusi mtupu unaong'aa, pale ambapo masizi mchanga ana rangi mbili. Mradi unadai mdomo, kope na mgongo kwa pamoja, vionwe na watu wawili, picha ya ubavu ikiwepo. Kigezo kimoja hakitoshi hata kikiwa kizuri namna gani: mdomo wa masizi ukipakwa damu ya samaki unakuwa mwekundu, na masizi aliyelowa anaonekana mwembamba kila mahali.

Ukubwa unasaidia tu wanaposimama bega kwa bega. Macho-meupe ni mdogo kidogo kuliko masizi, tofauti ya sentimita chache, na masizi wenyewe, dume na jike, wanatofautiana karibu kiasi hicho.

Shakwe wa Pallas, Ichthyaetus ichthyaetus, hana tatizo hilo. Ni mkubwa kuliko wote ufukweni, mabawa yakikunjuliwa yanafika karibu mita 1.6, paji la uso limelala, mdomo mzito wa manjano wenye pete nyeusi na wekundu nchani. Kabla hajavaa kofia ana barakoa ya giza nyuma ya jicho. Wachache hushuka hadi pwani ya Kenya, na njia ya kumpata ni kupekua kundi la Heuglin ukitafuta kichwa kinachochomoza juu ya vingine. Mwezi huu na Februari wengine huanza kuvaa kofia nyeusi kamili, mapema kuliko shakwe yeyote mwingine aliyeko hapa.

Wadogo hupuuzwa, jambo ambalo si haki kwao. Shakwe domo-jembamba, Chroicocephalus genei, na shakwe kichwa-cheusi, C. ridibundus, wakiwa wamevua kofia zao wanafanana kwa mbali: wote wana kabari nyeupe kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Domo-jembamba ana paji lililolala, shingo ndefu, jicho hafifu akikomaa, na doa la sikio ni dogo au halipo. Kichwa-cheusi ana kichwa cha mviringo na doa jeusi la wazi nyuma ya jicho. Wa tatu ni shakwe kichwa-kijivu, C. cirrocephalus, mwenyeji wa maziwa ya bara. Huyu ana jicho hafifu, bawa jeusi zaidi nchani lenye madoa meupe ndani yake, na chini ya bawa ni kijivu cha moshi. Chini ya bawa ndipo anapotambulika haraka kuliko popote.

Ndege wenye pete. Shakwe wa Baltiki wengi wamevishwa pete za rangi Ufini na nchi jirani, kwa hiyo kila mguu unaoonekana unakaguliwa. Andika mguu wa kulia au kushoto, pete iko juu au chini ya kifundo, rangi ya pete, rangi ya herufi, na msimbo unavyosomeka kutoka chini kwenda juu. Herufi moja isiyosomeka inaachwa kama nukta. Kubahatisha herufi humpeleka ndege wa mtu mwingine mahali ambapo hakuwahi kufika.

Februari. Faili la ndege adimu

Katikati ya mwezi amesimama mkubwa mmoja mwenye mgongo mwepesi kati ya Heuglin. Amekomaa, bawa ni jipya lote, kichwa cheupe kisicho na michirizi. Kutoka C: jicho linaonekana la giza, mdomo mrefu kiasi, usio na pembe ya wazi chini. Kutoka A: mgongo mwepesi kuliko Heuglin wawili waliosimama sambamba naye, kwenye picha moja. Hakuruka mbele ya kamera, na jioni hakuonekana tena.

Hapa tunaeleza faili linavyotengenezwa, kwa sababu kumbukumbu nyingi nzuri zinakufa kwa kukosa hatua hizi. Kwanza, maelezo yanaandikwa pale pale, kabla ya kufungua kitabu au simu: kila mtu peke yake, kuanzia mdomo hadi mkia, na kile ambacho hakukiona anakiandika kuwa hakukiona. Pili, mazingira: saa, umbali kwa mita, upande wa jua, upepo, hali ya maji, kifaa na ukuzaji. Tatu, picha zote zinahifadhiwa bila kuhaririwa, hata zile mbovu. Picha yenye ukungu inayoonyesha miguu ina faida kuliko nzuri inayorudia kichwa. Jina la faili huanza na mwaka, mwezi, siku, kisha kituo. Nne, mchoro wa bawa lililokunjwa, ukionyesha madoa meupe yaliyoonekana kwenye ncha. Tano, sababu za kukataa kila spishi inayofanana, moja baada ya nyingine. Faili linakwenda kwa Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki, ambayo hupokea taarifa za namna hii kutoka Kenya na majirani zake.

Kwa ndege huyu, pendekezo la Kaspi lina nguvu upande wa kichwa na wa bawa jipya. Lakini Februari si Novemba: Heuglin na shakwe wa nyika nao wengi wao wamekwisha kumaliza au wako mwishoni, hivyo bawa jipya halina uzito lililokuwa nao miezi mitatu iliyopita. Kinachokosekana ni upande wa chini wa unyoya wa kumi. Kwa Kaspi, kijivu hafifu huingia kama ulimi mrefu ndani ya weusi wa unyoya huo, na bila picha ya bawa lililofunguliwa ulimi huo hauonekani. Ameandikwa "shakwe mkubwa mwenye mgongo mwepesi, Kaspi au wa nyika". Faili limetumwa hivyo hivyo.

Machi

Kofia zinarudi, na kazi ya wadogo inakuwa rahisi. Masizi waliokomaa sasa wana ukosi mweupe kamili na mdomo uliong'aa. Huu ndio wakati wa kupiga picha za kumbukumbu za kulinganishia mwakani, kila umri, ubavu na mgongo, kwenye mwanga wa saa kumi jioni.

Tumeongeza mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Mambrui. Ruhusa inaombwa mapema kwa wenye mashamba ya chumvi, na kazi inafanywa asubuhi na mapema kabla ya mvuke kupanda juu ya maji meupe. Domo-jembamba wanafaa kutafutwa huko kuliko Sabaki, kwa kuwa wanapenda maji ya chumvi yenye kina kifupi. Huko pia ndiko vitwitwi wa mbali huweza kujificha katikati ya maelfu ya wa kawaida, na kanuni ni ile ile: wapangwe wa kawaida kwanza. Angalizo moja kwa wanaoandika orodha: kitwitwi-mchanga mdogo wa zamani amegawanywa kuwa spishi mbili miaka ya karibuni, na wanaokuja pwani yetu ni wa kundi la atrifrons. Kundi la mongolus, la mashariki zaidi, sasa ni spishi tofauti, na madai yake yanahitaji picha ya uso wa ndege aliyevaa rangi za kuzaa, yaani Machi hadi Aprili.

Aprili, mwanzo

Upepo umeanza kugeuka, kusi inakuja, na Heuglin waliokomaa wametangulia kuondoka. Waliobaki kati ya wakubwa ni wachanga, ambao baadhi yao hukaa pwani bila kwenda kuzaa. Hesabu inaendelea hadi bamvua inayofuata, kisha inafungwa.

Yaliyobaki mezani: kuingiza daftari zote kwenye jedwali, mtu mmoja akisoma na mwingine akiandika, kutenganisha hesabu za kabla na baada ya mkondo wa Desemba, kuchagua picha za kulinganishia za masizi kwa kila umri. Kwa Oktoba ijayo tunahitaji kamera ya pili itakayokaa C muda wote, ili mkubwa mwenye mgongo mwepesi akiruka kuwe na lenzi ubavuni mwake, na nguzo yenye alama za mita 100, 150 na 200 kuelekea fungu kuu, kwa sababu makadirio ya umbali kutoka A na kutoka C bado hayalingani.